Mwongozo kamili: kutambua matoleo ya mwaka kwenye senti za zamani za Marekani

Weka mezani senti mbili za Marekani za mwaka 1960. Zote zina sura ya Lincoln, zote zimetoka kiwanda cha Philadelphia, uzito ni uleule na rangi ni ileile. Moja ni ya kawaida kabisa. Nyingine wakusanyaji wanaitafuta, na kinachozitenganisha ni mkia wa tarakimu 6 na namna kichwa cha 1 kilivyokaa kando ya kichwa cha 9. Asiyejua pa kutazama ataishika mkononi, ataigeuza mara mbili, kisha ataitupa tena kwenye kopo.

Makopo ya namna hiyo ni mengi. Ndugu zetu wanaoishi Marekani huyajaza chenji za dukani mwaka hadi mwaka, na wengine hurudi nyumbani likizo na senti hizo zikigongana ndani ya begi. Tarehe 12 Novemba 2025 kiwanda cha Philadelphia kiligonga senti za mwisho za kutumika madukani, kazi iliyokuwa imeanza 1793, na tangu hapo watu wengi wamefungua makopo yao na kuuliza wana nini. Majibu ya mitandaoni mara nyingi ni picha moja na bei ya kutisha, bila maelezo. Huo si msaada. Ukijua kusoma mwaka wa sarafu utajijibu mwenyewe.

Jambo moja ulishike tangu sasa, kwa sababu ndilo linalowapoteza wengi: majina ya matoleo yanapotosha. Ukisikia "tarakimu kubwa" na "tarakimu ndogo" unatafuta ukubwa, pengine hata unachukua rula. Lakini tofauti ya ukubwa mara nyingi haionekani, hasa ukiwa na sarafu moja tu bila ya kulinganishia. Kinachoonekana ni mambo matatu: umbo la kila tarakimu, usawa wa vichwa na nyayo zake, na nafasi kati yake na majirani zake, yaani ukingo wa sarafu, kifua cha sura, au herufi iliyo karibu. Mwongozo wote huu ni mazoezi ya kutazama mambo hayo matatu.

Mwaka uliingiaje kwenye sarafu?

Usiruke sehemu hii. Namna mwaka ulivyoingizwa kwenye muhuri ndiyo inayokuambia utafute kosa la aina gani, na ukiielewa hutahangaika kutafuta kwenye senti ya 1960 kitu ambacho kingeweza kutokea 1810 tu.

Sarafu hugongwa kati ya mihuri miwili ya chuma, mmoja wa upande wa sura na mmoja wa upande wa nyuma. Kila muhuri hugonga maelfu ya sarafu, kisha huchakaa na kubadilishwa. Kwa hiyo kila kilichoko kwenye muhuri, kizuri au kibaya, hurudiwa kwenye kila sarafu iliyotoka humo.

Katika miaka ya mwanzo fundi alikuwa na chapa ndogo za chuma, kila moja ikiwa na tarakimu moja. Alizigonga kwenye muhuri kwa nyundo, moja baada ya nyingine: 1, kisha 8, kisha 0, kisha 7. Ndiyo maana kwenye senti za wakati huo unakuta tarakimu moja imepanda, nyingine imeinama, nafasi hazilingani. Ndiyo maana pia unakuta mwaka mmoja umegongwa juu ya mwingine. Chuma cha muhuri kilikuwa ghali, na muhuri mzuri wa mwaka uliopita haukutupwa. Ulipigwa tarakimu mpya juu ya ile ya zamani na kazi ikaendelea.

Kuanzia karibu 1840 ilitumika chapa moja yenye tarakimu zote nne. Nafasi kati ya tarakimu zikawa sawa, lakini chapa yenyewe bado iligongwa kwa mkono kwenye kila muhuri. Mwaka uliweza kuwa juu zaidi, chini zaidi, kuinama, au kugongwa mara mbili kwa sababu pigo la kwanza lilikuwa hafifu.

Mwaka 1909, ilipoanza senti ya Lincoln, mwaka ulikuwa tayari sehemu ya muhuri mama, ule unaozaa mihuri mingine yote. Hapo makosa ya mkono kwenye mwaka yalikoma. Yaliyobaki ni mawili: kiwanda kubadilisha muhuri mama katikati ya mwaka, kama 1960, 1970 na 1982, na muhuri kupokea picha ya muhuri mama zaidi ya mara moja bila kulingana, kama 1955. Enzi zote tatu zina mambo yake, lakini hazichanganyiki.

Andaa meza

Unahitaji lenzi ya kukuza mara 5 hadi 10. Zaidi ya hapo utaanza kuona mikwaruzo na kuidhania matoleo. Tafuta taa moja ya mezani inayoweza kuinamishwa, mizani ndogo ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, sumaku, na kitambaa laini cha kutandika ili sarafu ikianguka isiumie. Sarafu ishike kwa ukingo. Jasho la vidole huacha alama kwenye shaba, na alama hizo huimarika zikakaa.

Usisafishe. Siki, ndimu, dawa ya meno, brashi, vyote hivyo vinaondoa ngozi ya juu ya shaba na hakuna anayeweza kuirudisha. Senti ya kahawia iliyokolea na kutulia ina thamani kuliko ile iliyosuguliwa ikang'aa kama sufuria mpya, na mnunuzi mzoefu hutambua kusuguliwa mara moja. Kama kuna mafuta au gundi juu ya mwaka, loweka kwenye asetoni safi, mahali penye hewa na mbali na moto, kisha iache ikauke yenyewe bila kuifuta.

Hatua ya kwanza: jua una senti ya familia gani

Senti kubwa za shaba tupu ziligongwa 1793 hadi 1857, isipokuwa mwaka 1815 ambao hauna senti kabisa. Ni pana, karibu milimita 27 hadi 29, na tangu mwishoni mwa 1795 uzito wake wa kawaida ni gramu 10.89. Zikafuata senti ndogo za milimita 19. Kwanza ni ile ya tai anayeruka, inayoitwa Flying Eagle, iliyotumika 1857 na 1858, nayo ina wenzake wachache wa majaribio wa 1856. Kisha ikaja ile yenye sura iliyovaa taji la manyoya, Indian Head, ya 1859 hadi 1909. Baada yake ni Lincoln, kazi ya mchongaji Victor David Brenner.

Pima uzito kabla ya kitu kingine. Senti ndogo za mwanzo, zenye shaba asilimia 88 na nikeli 12, ni gramu 4.67. Katikati ya 1864 zikawa za shaba iliyochanganywa na bati na zinki, gramu 3.11, na uzito huo ukadumu hadi 1982, zilipoanza za zinki za gramu 2.5, isipokuwa senti za chuma za 1943. Uzito ukiwa mbali na hapo, una sarafu iliyochakaa sana, iliyoharibiwa, au ya bandia. Ujue hilo kabla hujaanza kuhangaika na mkia wa tarakimu.

Hatua ya pili: mwanga na pembe

Weka sarafu ili mwaka uwe wima mbele yako. Inamisha taa itoe mwanga wa upande mmoja, chini kidogo, ili tarakimu zitupe vivuli. Zungusha sarafu taratibu chini ya lenzi. Alama ya kweli haitoweki unapozungusha. Hubadilika kivuli tu. Mng'ao unaoonekana upande mmoja na kupotea upande mwingine si kitu.

Ukipiga picha kwa simu, simu itazame chini moja kwa moja. Hapa wengi hukosea bila kujua. Simu ikiinama kidogo tu, tarakimu za upande mmoja hurefuka na za upande mwingine hufupika, na kwenye senti kama ya 1970-S, yaani ya 1970 yenye herufi S ya kiwanda cha San Francisco, ambayo jibu lote ni kama kichwa cha 7 kiko sawa na jirani zake, picha iliyoinama inakudanganya waziwazi. Njia nzuri ni kuwekea picha mstari mnyoofu, hata ukingo wa karatasi juu ya kioo cha simu, ukiupitisha kwenye vichwa vya tarakimu.

Hatua ya tatu: anza na Lincoln, kwa sababu ndizo utakazozipata

*1960.* Mwanzoni mwa mwaka viwanda vya Philadelphia na Denver vilitumia muhuri mama wa tarakimu ndogo. Tundu la ndani ya 0 lilikuwa dogo mno, na kale kachuma kanakolifanya tundu hilo kwenye muhuri kalikuwa kakimeguka. Kiwanda kikabadilisha muundo. Kwa hiyo anza na 0 hiyohiyo: kwenye tarakimu ndogo ni ya mviringo, kwenye kubwa imerefuka kama yai. Kisha tazama 6. Mkia wake wa juu ni mfupi kwenye ndogo. Kwenye kubwa unapanda na kupinda. Mwisho pitisha mstari juu ya 1 na 9. Kwenye ndogo vichwa viko sawa. Kwenye kubwa, 1 iko chini ya 9.

Mambo yote matatu yakubaliane. Likipingana moja, rudi kwenye mwanga. Ile adimu ni tarakimu ndogo isiyo na herufi, yaani ya Philadelphia. Tarakimu ndogo yenye D, ya Denver, chini ya mwaka ni ya kawaida, na hapo ndipo watu wengi huvunjika moyo. Ni heri kulijua mapema.

*1970-S.* Tafuta S chini ya mwaka. Bila S, acha. Senti za 1970 za Philadelphia na Denver zote ni za namna moja. Ukiwa na S, tazama 7. Kichwa chake kikiwa sawa na vya 9 na 0, ni tarakimu ndogo, ambayo wengine huiita ya saba ya juu, na ndiyo adimu. Kikiwa kimeshuka, ni ya kawaida. Ukiwa na mashaka, tazama neno LIBERTY nyuma ya Lincoln. Kwenye tarakimu ndogo herufi zake ni hafifu, kana kwamba zimechujuka. Alama hii ya pili ni ya thamani kubwa kwa senti zilizochakaa, kwa sababu 7 ikisuguliwa inaweza kuonekana imeshuka.

*1982.* Huu ndio mwaka unaowachosha watu, na mimi naupenda kuliko yote kwa sababu kila mtu anaweza kuukamilisha bila fedha. Bei ya shaba ilipanda, na kiwanda kikahamia zinki iliyopakwa shaba. Mwaka huohuo kikabadilisha pia umbo la tarakimu. Mabadiliko mawili, viwanda vyenye herufi na visivyo na herufi, vikazaa matoleo saba ya kawaida.

Usianze na tarakimu. Anza na mizani. Gramu 3.1 ni shaba, gramu 2.5 ni zinki. Hakuna kati. Ukikosa mizani, idondoshe senti juu ya meza ngumu: ya shaba hulia kwa sauti nyembamba inayodumu, ya zinki hutoa mlio mfu. Kisha tazama 8. Kwenye tarakimu kubwa matundu ya juu na ya chini yanakaribiana ukubwa. Kwenye ndogo tundu la juu ni dogo waziwazi. Tazama 2: kwenye ndogo shingo yake imepinda vizuri, kwenye kubwa imenyooka na ni nene. Mwishowe tazama ukingo. Tarakimu kubwa zimeusogelea zaidi.

Sasa gawanya. Zisizo na herufi: shaba kubwa, shaba ndogo, zinki kubwa, zinki ndogo. Zenye D: shaba kubwa, zinki kubwa, zinki ndogo. Utaona nafasi moja imebaki wazi, ya D, shaba, tarakimu ndogo. Kwa zaidi ya miaka 30 ilidhaniwa haipo, mpaka moja ikapatikana 2016. Ndiyo maana kila 1982-D yenye tarakimu ndogo lazima ipite kwenye mizani, bila kubahatisha.

Kuwa makini na zinki za miaka hiyo. Ngozi ya shaba ni nyembamba, hewa hunaswa chini yake, na vipele huvimba. Kipele kikikaa ukingoni mwa tarakimu utaapa kwamba tarakimu ni mbili. Kibonyeze kwa jicho, si kwa ukucha: kama ni cha mviringo na kuna vingine kama hicho uwanjani, yaani kwenye sehemu tupu ya sarafu, mbali na mwaka, ni hewa tu.

Hatua ya nne: taji la manyoya na tai

*1873.* Januari ya mwaka huo A. Loudon Snowden, mkuu wa kugonga sarafu Philadelphia, alimwandikia mkurugenzi James Pollock akilalamika kwamba tarakimu 3 iliyotumika ilifanana mno na 8. Barua ni ya tarehe 18 Januari. Alikuwa na haki: ncha mbili za ile 3 zinaishia kwa vifundo ambavyo vinakaribia kugusana. Chapa mpya zikatengenezwa zenye 3 iliyo wazi. Kwa hiyo senti za 1873 ziko mbili, za 3 iliyofumba na za 3 iliyofumbua.

Namna ya kuamua: weka lenzi kwenye 3 peke yake na utazame nafasi kati ya vifundo viwili, wala usitazame tarakimu nzima. Kwenye iliyofumba nafasi hiyo ni ufa tu. Kwenye iliyofumbua inaingia pumzi. Senti iliyochakaa inaweza kudanganya. Ukikuta yenye 3 iliyofumba, usiishie hapo. Panda hadi kwenye utepe wa taji na usome neno LIBERTY. Kuna muhuri mmoja maarufu wa 3 iliyofumba ambamo neno hilo limejirudia kwa nguvu, na hiyo ndiyo senti ya 1873 ambayo wakusanyaji huiota.

*1894.* Upo muhuri ambamo mwaka mzima uligongwa mara mbili, pigo la pili likiwa limehama. Utaona pacha wa kila tarakimu, wazi kabisa hata kwa lenzi ndogo. Ni senti nzuri ya kujifunzia, kwa sababu ukiishaona kujirudia kwa mkono kwa namna hiyo hutakusahau.

*1858.* Hapa tofauti ya kwanza haiko kwenye mwaka, ila kwenye maandishi. Soma AMERICA. Kama A na M zimegusana miguuni, ni herufi kubwa. Kama zimeachana, ni herufi ndogo. Kisha rudi kwenye mwaka na utazame 8 ya mwisho. Kuna senti za 1858 zilizogongwa kwa muhuri uliokuwa wa 1857, na kona ya juu kulia ya 7 bado inachungulia juu ya 8. Kona hiyo ilikuwa ndogo tangu mwanzo na iliendelea kufifia muhuri ulipochakaa. Kwa bahati muhuri una alama nyingine mbili: ncha ya bawa la kulia la tai imekatika, na kuna kitone kidogo uwanjani juu ya 8 ya kwanza. Vyote vitatu vikiwepo, una jibu.

Hatua ya tano: senti kubwa

Hapa ndipo pana utamu wa kweli, na pia ndipo panapohitaji subira. Kila muhuri ulitengenezwa kwa mkono na watu wamehesabu mihuri yote wakaipa namba. Za 1793 hadi 1814 hutumia namba za mtafiti Sheldon, zinazoanza na herufi S. Za 1816 hadi 1857 ni za mtafiti Newcomb, zinazoanza na herufi N. Huhitaji kuzijua zote ili kuanza. Anza na mwisho na urudi nyuma.

Kwenye 1855 na 1856 tazama 5. Kuna zilizosimama wima na kuna zilizoinama kulia. Linganisha mgongo wa 5 na mgongo wa 1 ambayo imesimama. Ukiona migongo inakimbizana sambamba, ni wima. Kwenye 1855 zilizoinama, tazama pia sikio la sura. Baadhi zina kinundu juu ya sikio, kwa sababu muhuri ulimeguka hapo, na kinundu hicho kilikua kadiri kazi ilivyoendelea.

1846 ina matoleo matatu na yote yanajibiwa na 6. Kwenye tarakimu ndogo 6 ni fupi, nene, na imejifunga. Kwenye ya kati mkia wake unaishia kwa kifundo. Kwenye ndefu tarakimu zote zimenyooka kwenda juu na mdomo wa 6 uko wazi. Hapa ndipo utakapoona faida ya kutazama umbo, maana hata senti iliyochakaa sana huhifadhi mdomo wa 6 wakati vipimo vyote vimepotea.

1840 ina ndogo na kubwa, na kuna muhuri ambamo tarakimu ndogo zimegongwa juu ya 18 kubwa. Fundi alianza na chapa moja akamalizia na nyingine.

Na kuna 1844 na 1851. Kwenye kila mwaka kati ya hiyo kuna muhuri ambamo fundi aligonga chapa ya tarakimu nne kichwa chini miguu juu, akatambua, akageuza, akagonga tena sawasawa. Geuza 1844 chini juu uone tarakimu zinavyoangukia: chini ya 44 za mwisho zinakuja 8 na 1 zilizopinduliwa. Ndicho unachotafuta chini ya lenzi, mabaki ya 81 yakichungulia kati ya miguu ya 44. Kwenye 1851 ni hivyohivyo chini ya 51. Ukizungusha sarafu ikawa kichwa chini, mabaki hayo husomeka kwa urahisi zaidi kuliko ikiwa wima. Si wengi wanaofanya hivyo, na ni hatua ya sekunde moja.

Za zamani zaidi, zile za mwaka juu ya mwaka, zinafuata kanuni ileile: 1807 juu ya 1806, 1810 juu ya 1809, 1811 juu ya 1810, 1819 juu ya 1818, 1823 juu ya 1822. Tafuta mabaki ndani ya matundu ya tarakimu ya mwisho na pembeni mwake. Mabaki ya kweli yana umbo la tarakimu inayotarajiwa na yako mahali tarakimu hiyo ingekuwa. Mkwaruzo hauna adabu hiyo.

Hatua ya sita: kujirudia kwa kweli na kwa uongo

Mwaka 1955 muhuri mmoja wa Philadelphia ulipokea picha ya muhuri mama mara mbili bila kulingana, na huo huitwa muhuri maradufu. Zaidi ya senti 20,000 zilikwishachanganyika na nyingine zilipogunduliwa, na zikaachwa zitoke. Nyingi zilifika kwa watu kupitia mashine za sigara: paketi iliuzwa senti 23, mteja akitia 25, na senti mbili za chenji zilikuwa tayari zimewekwa ndani ya karatasi ya paketi. Kwenye senti hiyo mwaka, LIBERTY na IN GOD WE TRUST vyote ni viwili, vimeachana kiasi cha kuonekana bila lenzi.

Senti nyingi zinazodaiwa kuwa kama hiyo si kama hiyo. Kuna namna nyingine ya kujirudia, inayotokea muhuri ukiwa umelegea kwenye mashine na kuteleza wakati wa kugonga. Kuzitofautisha, kata tarakimu moja kwa jicho na ujiulize imeongezeka au imepungua. Kwenye muhuri maradufu tarakimu ya pili ni nzima, ina mwinuko wake, imeviringika juu kama ya kwanza, na pembe zake zimegawanyika kama ulimi wa nyoka. Tarakimu yote kwa pamoja ni pana kuliko kawaida. Kwenye muhuri uliolegea kuna ngazi bapa tu kando ya tarakimu, inang'aa, iko chini, na tarakimu yenyewe imekuwa nyembamba kwa sababu ngazi hiyo imekatwa kutoka mwilini mwake.

Za 1955 zina mtego wake wa ziada: ziko nyingi ambazo 5 ya mwisho peke yake ina kivuli. Huo ni uchakavu wa muhuri. Ziweke kando ukipenda, lakini usizilipie.

Hatua ya saba: tafuta mkono wa tapeli

Mwaka ndio sehemu inayochezewa zaidi, kwa sababu tarakimu moja inaweza kubadilisha bei mara mia. Mfano wa kusomea ni 1914-D. Matapeli huchukua 1944-D na kukwangua 4 ya kwanza ikawa 1. Wanaacha ushahidi mara mbili. Nafasi kati ya 9 na 1 inabaki pana mno, kwa kuwa sehemu iliyokuwa na 4 sasa ni tupu. Na begani mwa Lincoln kuna herufi ndogo V.D.B., za jina la Brenner, ambazo ziliondolewa 1909 na kurudishwa 1918. Senti ya 1914 haiwezi kuwa nazo.

Kwa 1877 ya taji la manyoya, geuza sarafu. Upande wa nyuma wa zile zilizogongwa kwa matumizi, N ya neno ONE ni hafifu. Kwa 1943 inayodaiwa kuwa ya shaba, tumia sumaku kwanza, maana ya kawaida ni chuma kilichopakwa zinki na huvutwa, hata ikipakwa shaba na mtu. Isipovutwa, tazama mkia wa 3, maana 1948 iliyokwanguliwa hutoa 3 yenye umbo lisilo lake.

Kwa ujumla zungusha lenzi kuzunguka tarakimu inayotiliwa shaka na uchunguze uwanja. Chuma kilichokwanguliwa hung'aa tofauti, au kina mistari midogo inayokimbia upande mmoja. Tarakimu iliyobandikwa ina ufa mwembamba miguuni pake.

Hatua ya nane: andika, hifadhi, thibitisha

Kila sarafu uliyoitambua iwekee karatasi: mwaka, herufi ya kiwanda, uzito, toleo, na alama mbili au tatu ulizoziona. Usiandike "1960 ndogo" tu, andika "0 mviringo, mkia wa 6 mfupi, 1 na 9 sawa." Miaka miwili baadaye utashukuru, na mnunuzi naye atakuamini zaidi akiona umetazama nini. Picha iwe mbili, ya sarafu nzima na ya mwaka peke yake, zote kwa simu iliyotazama chini.

Weka kwenye vishikizi vya kadi vyenye dirisha la plastiki ngumu. Mifuko laini ya plastiki yenye harufu huachia kemikali ambazo baada ya muda hugeuza shaba kuwa kijani chenye utelezi. Kwa walioko Mombasa, Tanga, Zanzibar au Muscat, hewa ya bahari ni adui mwingine. Boksi lifungwe vizuri, mifuko ya chembe za kunyonya unyevu ibadilishwe mara kwa mara, na sarafu zisikae jikoni wala karibu na dirisha.

Kampuni za uthibitisho za Marekani hupokea sarafu kwa ada, huziangalia, huzipa daraja kati ya 1 na 70, na kuzifunga kwenye kasha. Hesabu kabla hujatuma: ada ya uthibitisho, posta ya kwenda na kurudi, bima. Kwa 1982 ya kawaida gharama hizo zitazidi thamani ya sarafu mara nyingi. Kwa 1955 yenye muhuri maradufu, 1873 yenye LIBERTY mbili, au 1858 juu ya 1857, usiuze bila uthibitisho, na usimpe dalali aliyekuahidi kuipeleka bila hati uliyoisaini ikiwa na picha zako mwenyewe za sarafu hiyo, pamoja na uzito wake hadi sehemu ya mia ya gramu.